Kurejelea mazoezi ya marathon baada ya kuugua: Damu huchelewa kuliko homa

MWANARIADHA wa marathon anapougua malaria, homa ya matumbo au nimonia, swali la kwanza analomwuliza daktari huwa ni moja: atarudi lini barabarani?

Swali hilo lina uzito wake. Mtimkaji wa kulipwa hushiriki marathon mbili hivi kwa mwaka. Kukosa moja huenda kukampokonya karibu nusu ya mapato yake, ilhali karo ya watoto na mahitaji ya jamaa zake hayasubiri.

Ndiyo sababu wengi hurudi mazoezini mara tu homa inapotulia. Hata hivyo, kutulia kwa homa ni mwisho wa sehemu moja tu ya ugonjwa. Damu, moyo na misuli vina kalenda yake, nayo haifuati kalenda ya mashindano.

Malaria na upungufu wa damu

Marathon ni safari ya kilomita 42.195, na karibu nguvu zote anazotumia mkimbiaji hutegemea hewa ya oksijeni. Oksijeni hiyo hubebwa na himoglobini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu.

Vimelea vya malaria aina ya Plasmodium falciparum huvamia chembe hizo hizo. Huzaana ndani yake na kuzipasua kila baada ya saa 48 hivi, kisha huvamia nyingine. Isitoshe, mwili wenyewe huangamiza chembe nyingi ambazo hazikuwa zimeambukizwa.

Nchini Kenya, malaria isiyo kali hutibiwa kwanza kwa mchanganyiko wa artemether na lumefantrine, dozi sita kwa siku tatu, ambazo hufaa kumezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Dawa hiyo huua vimelea, lakini haiongezi damu. Kazi ya kuunda chembe mpya huachiwa uboho wa mifupa, nayo huchukua wiki kadhaa.

Tatizo huzidi katika nyanda za juu. Mji wa Iten, kitovu cha mazoezi ya mbio ndefu, uko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ambako kila pumzi huwa na oksijeni pungufu kwa karibu robo ikilinganishwa na pwani. Mtu aliyepungukiwa na damu ambaye angeweza kujikokota Mombasa hujikuta akihema vikali kwenye mlima mdogo tu.

Mfano unaofahamika sana ni wa Wilson Kipketer, mzaliwa wa Kenya aliyeiwakilisha Denmark katika mbio za mita 800. Mwaka wa 1997 alivunja rekodi ya dunia na kuiweka kwenye dakika 1:41.11. Mapema 1998 aliugua malaria, na msimu huo ukamwendea mrama. Katika mashindano ya Ulaya yaliyoandaliwa Budapest mnamo Agosti mwaka huo, aliambulia patupu.

Mwaka wa 1999 alitwaa tena taji la dunia mjini Seville. Ikiwa mwanariadha wa mizunguko miwili pekee alihitaji muda mrefu hivyo kurejea kileleni, anayekabili kilomita 42 hana sababu ya kujidai kwamba wiki moja inamtosha.

Kinachopotea kwa kupumzika

Hofu kubwa ya wakimbiaji ni kwamba siku chache za kulala zitafuta kazi ya miezi. Hofu hiyo ina ukweli, ila hutiwa chumvi.

Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka wa 1984 ulionyesha kuwa wanariadha waliokuwa na mazoezi ya kutosha walipoteza asilimia 7 hivi ya uwezo wa kutumia oksijeni katika siku 21 za kukaa bila mazoezi. Sehemu kubwa ya upungufu wa siku za kwanza husababishwa na kupungua kwa majimaji ya damu, ambayo pia hurudi upesi mazoezi yanapoanza upya.

Kwa hivyo, wiki mbili za kupumzika ni hasara ndogo inayofidika. Hasara kubwa ni ya anayerudi mapema, akaugua tena na kulazimika kukaa nje kwa miezi kadhaa.

Moyo hauonyeshi kidonda

Magonjwa yanayoletwa na virusi, yakiwemo mafua makali na Covid-19, huweza kusababisha uvimbe wa misuli ya moyo. Jambo hilo halitokei mara nyingi, lakini linapotokea, mazoezi makali huweza kuvuruga mapigo ya moyo na hata kusababisha kifo cha ghafla. Aliyepatikana na hali hiyo hushauriwa kujiepusha na mazoezi makali kwa muda wa miezi mitatu hadi sita.

Madaktari wa michezo wana kanuni nyepesi ya kutumia shingo kama mpaka. Iwapo dalili ziko juu ya shingo pekee, mathalan kutokwa na kamasi au kuwashwa koo kidogo, mbio nyepesi huruhusiwa. Iwapo ziko chini ya shingo, kama vile kikohozi cha kifuani, kuharisha na maumivu ya mwili, au iwapo kuna homa yoyote, mwanariadha apumzike.

Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila sababu, kizunguzungu au kuzimia wakati wa mazoezi ni dalili za kumfikisha mtu hospitalini siku hiyo hiyo.

Dawa zenye mitego

Homa ya matumbo, maarufu kama taifodi, hutibiwa kwa dawa za kuua bakteria. Baadhi yake, kama ciprofloxacin, huweza kudhoofisha kano, hasa ile kubwa ya kisigino, na hata kuifanya ikatike. Hatari hiyo huweza kuendelea wiki kadhaa baada ya dozi kuisha. Mkimbiaji aliyepewa dawa hizo anapaswa kumweleza daktari kazi yake, na kuacha kukimbia anapohisi maumivu nyuma ya kifundo cha mguu.

Dawa za kutuliza maumivu nazo huficha homa. Aliyezimeza asubuhi hawezi kujua kama amepona, kwani kipimajoto kitampa jibu la dawa badala ya jibu la mwili. Aidha, baadhi yake, kama ibuprofen, huweza kudhuru figo za mtu anayekimbia masafa marefu akiwa amepungukiwa na maji.

Mtego mwingine ni wa kisheria. Kanuni za kimataifa za kukabiliana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni haziruhusu mwanariadha kutundikiwa dripu ya zaidi ya mililita 100 katika muda wa saa 12, isipokuwa katika matibabu halali ya hospitalini, upasuaji au uchunguzi wa kitabibu. Anayetundikiwa dripu chumbani mwake ili tu apate nguvu upesi huwa amevunja kanuni, hata kama chupa ilikuwa na maji na chumvi pekee.

Vilevile, sindano za dawa za jamii ya glukokotikoidi, ikiwemo triamsinoloni, zimepigwa marufuku wakati wa mashindano tangu mwaka wa 2022. Mabaki ya dawa hiyo hukaa mwilini kwa wiki nyingi, na Wakenya kadhaa wamefungiwa nje ya mashindano kwa sababu yake.

Mwanariadha huwajibikia kila kinachopatikana mwilini mwake. Inafaa ahifadhi karatasi zote za hospitali, na inapobidi aombe kibali maalumu cha matibabu. Nchini Kenya masuala hayo husimamiwa na shirika la ADAK, lililoundwa chini ya sheria ya 2016.

Hatua za kurudi

Ratiba ya kurudi hutegemea aina na ukali wa ugonjwa. Mgonjwa wa kifua kikuu, ambaye kwa kawaida hutumia dawa kwa miezi sita, hawezi kulinganishwa na aliyepata malaria nyepesi. Hata hivyo, mpangilio wa hatua ni ule ule.

Kwanza, mwanariadha amalize dozi na akae angalau saa 24 bila homa na bila dawa za kuishusha. Awe anakula na kulala vizuri. Baada ya hapo atembee kwa dakika 20 hadi 30 kwa siku kadhaa.

Pili, aanze kukimbia pole pole kwenye njia tambarare, mwendo unaomruhusu kuzungumza bila kukatika pumzi. Dakika 20 hadi 30 zinatosha, siku moja akimbie na ya pili apumzike.

Tatu, aongeze umbali kabla ya kuongeza kasi. Aliyezoea kilomita 160 kwa wiki aridhike na nusu yake au chini ya hapo, kisha aongeze kidogo kidogo kila wiki.

Nne, mazoezi ya kasi uwanjani, milima na mbio za kilomita 30 na zaidi yasubiri hadi vipimo viwili vikubaliane. Cha kwanza ni mapigo ya moyo ya asubuhi, yanayohesabiwa kwenye kifundo cha mkono kabla ya kutoka kitandani. Yakizidi yale ya kawaida kwa 10 au zaidi kwa dakika, mwili bado unapigana.

Cha pili ni kiwango cha himoglobini. Katika maeneo ya usawa wa bahari, mwanamume aliye chini ya gramu 13 kwa desilita, au mwanamke asiye mjamzito aliye chini ya 12, huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Kwa wakazi wa nyanda za juu, viwango hivyo hupandishwa.

Maandalizi kamili ya marathon huchukua wiki 12 hadi 16. Aliyelazwa kitandani mwezi mmoja kabla ya mbio hana budi kujiondoa, kisha atafute mbio fupi za baadaye.

Chakula kina nafasi yake. Maini, nyama, maharagwe, ndengu na mboga za kienyeji kama managu na terere huupa mwili madini ya chuma, na chungwa husaidia madini hayo kufyonzwa. Chai, kinywaji kipenzi cha kambi nyingi, huyazuia. Ni vyema inywewe saa moja au mbili baada ya mlo.

Ujasiri na busara

Wapo wanaomtaja Kipchoge Keino kama ushahidi kwamba ugonjwa ni wa kupuuzwa. Katika Olimpiki za Mexico mwaka wa 1968, Keino alianguka katika mbio za mita 10,000 kwa maumivu ya nyongo, kisha akazoa nishani ya fedha katika mita 5,000 na dhahabu katika mita 1,500. Kisa hicho husimuliwa hadi leo kwa kuwa ni nadra, na kisigeuzwe kuwa ratiba ya mazoezi.

Marathon haina huruma hiyo. Tegla Loroupe aliwasili Sydney mwaka wa 2000 akiwa mshikilizi wa rekodi ya dunia ya marathon ya wanawake. Chakula kilimdhuru usiku wa kuamkia mbio, na akamaliza katika nafasi ya 13. Siku chache baadaye alichukua nafasi ya tano katika mita 10,000. Ujasiri wake haukuwa na dosari, lakini haukuweza kumrudishia nguvu zilizopotea usiku mmoja.

Mwenda pole hajikwai. Mbio nyingine zitaandaliwa mwakani, na mwanariadha aliyeipa damu yake nafasi ya kurudi ndiye atakayekuwa na miguu ya kuzikimbia.