Nahodha wa Raga na Mkimbiaji wa Karatu

Kila ninapofundisha historia ya ukombozi hapa Arusha, chini ya Mlima Meru, mwanafunzi huuliza: raga inatuhusu nini? Humjibu kwa majina mawili.

La kwanza ni Graham Mourie, aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa ya raga ya New Zealand. Mwaka 1981 alikataa kucheza dhidi ya Afrika Kusini ya makaburu ilipozuru kwao.

La pili ni Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, mkoani humu. Mwaka 1974, huko huko New Zealand, mjini Christchurch, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akimshinda mwenyeji John Walker. Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini, muda mfupi baada ya damu ya wanafunzi kumwagika Soweto. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki haikuifungia New Zealand, nayo Tanzania ikasusia michezo ya Montreal. Walker akatwaa dhahabu, Bayi hakukimbia. Medali yake ya Olimpiki, ya fedha, ilisubiri hadi Moscow, 1980.

Mourie alijiamulia mwenyewe. Bayi aliamuliwa na taifa. Naamini taifa liliamua kwa haki. Lakini dola inayomtaka raia ajinyime kwa ajili ya wote hubaki na deni kwake. Msimamo tunausherehekea, aliyeulipia tunamkumbuka?