Nduru
Mautuma, kule Lugari, mwizi akiingia kwa boma usiku, mtu hamngoji polisi. Anapiga nduru. Jirani anaipokea, na wa ng'ambo ya mto pia, hadi kijiji kizima kiko macho.

Watu wa kompyuta walijifunza somo hilo tarehe 2 Novemba 1988. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell huko Marekani, aliachilia programu iliyojinakili yenyewe, ikalemaza maelfu ya mashine kwa saa chache. Rafiki yake alituma ujumbe wa kueleza dawa. Ukachelewa, maana wengi walikuwa wamejikata kwa mtandao kwa hofu. Kila mtu alijifungia kwake, dawa ikabaki mlangoni.

Kabla mwaka kuisha, kituo cha CERT kiliundwa kupokea na kusambaza habari za mashambulizi. Mwaka 1990 ikaja FIRST, jumuiya ya vikosi vya aina hiyo. Huku kwetu, SheHacks ilianza 2016, kuwaleta pamoja wanawake wa usalama wa mtandao.

M-Pesa ilizinduliwa 2007, na leo pesa ya mahindi inalala kwa simu. Aliyetapeliwa hunyamaza, anaona aibu kwamba PIN aliitoa mwenyewe. Kimya hicho ndicho mtaji wa tapeli. Kesho anampigia jirani kwa hadithi ileile. Kuwa kwa kundi hakuhitaji digrii. Kunahitaji watu ambao ukiwaambia "nimepigwa", hawakucheki. Wanaipokea nduru, wanaipitisha.