Reli iliyosahaulika ya Mombasa ilisukumwa na watu

Uliza mtu yeyote wa rika letu historia ya reli Mombasa. Atakupa hadithi moja: Mwingereza akaanza kujenga 1896, akaleta vibarua kutoka India, simba wakala watu Tsavo, reli ikafika Kisumu 1901. Halafu anaruka hadi 2017: SGR, stesheni ya Miritini, selfie, kwisha.

Yote kweli. Lakini kulikuwa na reli nyingine hapa hapa kisiwani, ndogo mno, na hiyo haitajwi kabisa. Mimi chuo niliacha, lakini hata nilipokuwa darasani sikuwahi kuisikia.

Iko hivi. Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza, Imperial British East Africa Company, ilipewa hati na malkia wao ije ishike biashara na utawala huku. Mkubwa wao alikuwa William Mackinnon. Ndiyo, Marikiti yetu iliitwa Mackinnon Market. Mwaka 1890 wakaanza kutandika reli ya kuelekea bara, wakaipa jina Central African Railway. Jina zito hivyo, na njia yenyewe upana wake futi 2, kama sentimita 61! Linganisha na SGR, sentimita 143.5. Wakatandika maili chache tu, mradi ukafa.

Ila chuma hakikutupwa. Reli ziling'olewa zikaja kutandikwa kwenye barabara za kisiwa, kutoka Mji wa Kale mpaka Kilindini. Juu yake zikawa zinapita toroli: kigari cha magurudumu manne, benchi ya kukaa, na paa la kukinga jua. Injini hakuna. Moshi hakuna. Nyuma kuna wanaume, wawili au zaidi, wanasukuma mbio. Chuma juu ya chuma hubiringika kwa wepesi, kwa hivyo watu wachache waliweza kukimbiza mzigo ambao kwenye mchanga ungewashinda.

Maofisa na matajiri walikuwa na toroli zao binafsi, na wengine walichepushiwa kipande cha reli hadi nyumbani kwao. Yaani mtu anatoka mlangoni, anakaa, anasukumwa kazini na binadamu mwenzake. Mambo yakaenda hivyo hadi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, magari ya mota yalipochukua nafasi.

Sasa angalia tunachohifadhi. Nairobi kuna jumba la makumbusho la reli, na ndani yake kuna dude linaitwa Mount Gelai, injini ya mvuke ya tani 250 hivi, iliyoundwa Manchester miaka ya 1950 na kuvuta mizigo njia hii ya Mombasa. Ukisimama chini yake unajiona sisimizi. Nalipenda, sikatai. Lakini mashine ina jina na namba mpaka leo. Waliosukuma toroli hapa, nani anajua hata jina moja?

Na usiseme reli ndogo haifai kuhifadhiwa. Huko Wales kuna Talyllyn, reli nyembamba ya mvuke iliyofunguliwa miaka ya 1860 kubeba mawe ya kuezekea nyumba. Mwenyewe alipofariki, 1951 watu wa kujitolea wakaishika wenyewe. Mpaka leo inatembea, familia zinapanda, wenyeji wanauza tiketi. Njia yenyewe ni kilomita 12 hivi tu.

Sisi tunaweza, lakini kwa mtindo wetu. Sitaki kuona kijana wa Mji wa Kale amevalishwa sare anasukuma mtalii juu na chini mbele ya Fort Jesus ili apigwe picha. Hiyo si kumbukumbu, ni kurudia yale yale kwa bei ya tiketi. Wazo langu: tutandike mita 100 tu za reli, toroli moja, familia za mtaa ziisimamie, na sheria iwe moja. Ukija, husukumwi. Unasukuma. Mpakie mamako, mpakie rafiki yako mnene, halafu kimbia juani saa saba mchana. Ukifika mwisho ukihema, hapo umesoma historia kuliko bango lolote litakavyokwambia.

Maana kazi yenyewe haijaisha. Pita Marikiti asubuhi uwatazame wa mikokoteni: migongo ile ile, barabara zile zile, tofauti ni kwamba hata reli ya kuwapunguzia uzito hawana. Tunawapigia honi watupishe.

Kesho ukikuta mkokoteni umekwama mlimani, shuka kwenye tuktuk uweke mkono.