Mtandao wa Ndani: Kompyuta za Shule Bila Bando

Ukiambiwa "mtandao hakuna" pale Nyasubi, mjini Kahama, bado hujajua kilichoharibika. Pengine mnara umezima, bando limeisha, au seva unakotuma fomu imezidiwa na watu. Neno ni hilo hilo moja. Hata jina la Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 limelibeba neno hilo. Mtaani halina madhara, ila darasani linatugharimu.

Mtandao unatokana na kutandaa, na Kiswahili kilikuwa nao kabla intaneti haijatufikia. MVIWATA, iliyoanzishwa mwaka 1993, ni mtandao wa vikundi vya wakulima. Wahandisi nao wana mtandao wa barabara. Kwa upande wa kompyuta, mbili tu zikiunganishwa kwa waya na kufuata kanuni moja ya kupelekeana taarifa, yaani itifaki, tayari ni mtandao. Intaneti ni mtandao wa mitandao: ule mkubwa unaoiunganisha midogo ya dunia nzima kwa itifaki iitwayo TCP/IP. Mtandao wa ARPANET wa Marekani ulianza kazi mwaka 1969, lakini ulihamia kwenye itifaki hiyo tarehe 1 Januari 1983. Katika miaka ya kati watafiti walitumiana mafaili na barua bila hiyo intaneti tunayoijua leo.

Kinachoniuma ni chumba cha kompyuta kinachofungwa kwa kuwa "hakuna mtandao", wakati ruta imo humo humo na umeme upo. Washa ruta hiyo bila laini wala bando. Taa zake zitawaka, nayo itaigawia kila kompyuta anwani yake. Mwalimu akiweka programu ya Kolibri au Kiwix kwenye kompyuta moja, na humo akahifadhi Wikipedia ya Kiswahili na masomo ya hisabati, kompyuta hiyo inakuwa seva ya darasa. Mwanafunzi anafungua kivinjari, anaandika namba kama 192.168.1.10, na ukurasa unafunguka papo hapo, kwa sababu taarifa haijatoka nje ya chumba. Bando linahitajika siku ya kupakua tu, na hata hapo faili laweza kuletwa kwa flashi kutoka kwingine.

Mtandao huu wa darasani ningependa tuuite mtandao wa ndani, na istilahi hiyo ifundishwe mapema, kabla mtoto hajazoea kwamba kompyuta isiyo na bando ni mzigo. Kahama ni mji wa mpunga na dhahabu. Mzazi anayeshinda kwenye mashine ya kukoboa, au anayechenjua mabaki ya dhahabu (marudio), hununua bando la siku kwa kilichopatikana siku hiyo. Kumwambia mwanawe akasome "mtandaoni" ni kumtuma dukani na pesa ya nyumbani.

Zipo kazi ambazo mtandao wa ndani hauziwezi. Matokeo ya mitihani ya NECTA na maombi ya mkopo wa elimu ya juu yako kwenye seva za mbali, na kuzifikia lazima uingie kwenye intaneti, kupitia mnara au nyaya za Mkongo wa Taifa. Kwa hiyo mwanafunzi akija kusema mtandao umekata, aulizwe kwanza: kompyuta ya jirani yako unaiona? Kama anaiona, somo liendelee.