Imani Mbele ya Mizani: Neno la Yubilei kutoka Maganzo

Yubilei ni wakati wa kuhesabu. Twahesabu miaka iliyopita, makanisa yaliyojengwa, na majina ya waliobatizwa katika vitabu vya parokia. Hesabu hizo ni njema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini iko hesabu nyingine isiyoandikwa kitabuni, nayo ni ngumu zaidi: imani tuliyoipokea hukaa wapi siku ya Jumatatu, mtu akiwa shimoni, au sokoni, au mbele ya mizani ya mnunuzi wa almasi? Hesabu hiyo ndiyo tutakayo kuitazama hapa, tukianza na habari za kale.

Mapadre Weupe, ambao shirika lao liliasisiwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, walifungua misioni ya Bukumbi, kusini ya Ziwa Victoria, mwaka 1883. Lavigerie aliwaagiza wasiwe na haraka ya kubatiza. Mtu aliyetaka ubatizo alifundishwa na kujaribiwa muda wa miaka minne. Miaka minne ni mingi, walakini sababu yake twaielewa: kuyajua maneno ya katekisimu ni kazi ya miezi, bali kuitoa moyoni hofu ya zamani ni kazi ya miaka.

Kutoka ziwani Injili ikaenea ndani ya Usukuma, na makatekista waliibeba kwa miguu yao. Mwaka 1950 sehemu yetu ilitengwa, ikaitwa Maswa. Mwaka 1956 ikawa Jimbo la Shinyanga, na Edward McGurkin wa shirika la Maryknoll la Marekani akawa askofu wake. Mwaka 1975 alifuatwa na Castor Sekwa, Mtanzania.

Katika miaka hiyo hiyo nchi nayo iligeuka. Mwaka 1940 John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui, karibu na Maganzo. Mwamba wenye almasi pale waenea hekta 146 juu ya ardhi. Mwaka 1947 likapatikana jiwe la rangi ya waridi, lenye uzito wa karati 54, naye Williamson akampelekea Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, liwe zawadi ya arusi yake. Watu wa makabila mengi wakaja kutafuta mshahara, na wengine wakachimba wenyewe nje ya mpaka wa mgodi. Ndivyo Maganzo ilivyokua, kando ya barabara iendayo Mwanza.

Basi hapa ndipo penye jaribu. Mkulima wa pamba hupanda, hupalilia, huvuna; akikosa, ajua ni mvua au ni wadudu. Lakini mwenye chekeche aweza kuchekecha mchanga mwaka mzima asipate kitu, na jirani yake akaokota jiwe siku ya kwanza. Bidii haielezi jambo hilo. Ndipo moyo huanza kuuliza, ‘Mwenzangu ametumia nini?’ Swali hilo likiisha kuulizwa, nyumba ya mpiga ramli haiko mbali. Na kule Geita, ulikofunguliwa mgodi mkubwa wa dhahabu mwaka 2000, jaribu ni lile lile. Jumapili mtu yuko kanisani, na usiku yuko kwa mpiga ramli. Wazee wamekwisha kusema: njia mbili zilimshinda fisi.

Mtu asidhani kwamba hili ni kosa dogo la siri, lisilomdhuru mwingine. Tangu mwaka 2007 habari za kuuawa kwa watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa zilisikika duniani kote. Wengine walikatwa viungo wangali hai, kwa kuwa waganga waongo waliwaambia wachimbaji na wavuvi kwamba viungo hivyo huleta bahati. Mwaka 2009 serikali iliwafutia waganga leseni zao, na shule ya Buhangija, Shinyanga, ikawa kimbilio la watoto waliokuwa katika hatari. Walimu wetu na wafundishe wazi: ualbino hurithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili, ambao wenyewe waweza kuwa na ngozi nyeusi. Si laana, wala si bahati. Mtoto huyo ni mtoto kama wengine. Ahitaji kofia, kivuli, na kiti cha mbele apate kuona ubao.

Kadhalika bibi zetu. Wangapi wameuawa katika nchi hii kwa sababu macho yao ni mekundu! Tulitazame jambo hili kwa akili. Misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa zamani, kwa ajili ya kuwafukuza mbung'o na kupata mashamba ya pamba. Kuni zikaadimika. Wanawake wakapikia mabua na mavi makavu ya ng'ombe, na moshi ukawaumiza macho miaka mingi. Halafu kijana aliyelishwa kwa moto ule ule humtazama bibi na kusema, ‘Huyu ni mchawi.’ Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, yamwadhibu pia amsingiziaye mwenzake uchawi. Lakini sheria haikai jikoni pamoja na bibi. Akaaye karibu naye ni jirani.

Mtume Yakobo atufundisha kwamba dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Katika nchi yetu neno hilo lina kazi za mikono. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI, nayo iliifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga mahali pa malisho ili nyasi na miti vikue tena. Zaidi ya hekta 300,000 zikapata miti na nyasi tena. Mkristo apandaye mti karibu na nyumba ya mjane, akamjengea jiko lenye bomba la kutolea moshi, hakika afanya kazi ya dini.

Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika ya Mashariki, walipokutana Nairobi, waliamua kuzitanguliza jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Jumuiya ni nyumba chache, zijuanazo. Yaweza kujua mapema ni nani aliyetajwa kwa ubaya kisimani, ni mtoto yupi asiyekwenda shule kwa hofu, ni mchimbaji yupi aliyeanza kukata tamaa. Sala ya jumuiya isipofika huko, imebaki mdomoni.

Basi, ndugu zetu, kila mmoja na ashike sehemu yake. Mnunuzi asichezee mizani wala kumdanganya mchimbaji asiyejua thamani ya jiwe lake. Mchimbaji akubali kurudi mikono mitupu kuliko kununua bahati kwa damu. Mwalimu afundishe pasipo woga. Nasi sote tumwendee bibi akaaye peke yake, si kwa kumpeleleza, bali kwa kumletea kuni. Mungu atujalie neema ya kuifanya kazi hiyo mwaka huu, na miaka ijayo. Amina.