Zakaria Kizimbani: Riwaya, Imani na Wasomaji wa Bonde la Kilombero

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuitenga riwaya pendwa na riwaya dhati. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, huwekwa kwenye kundi la pili, lakini wasomaji waliipokea kama ya kundi la kwanza. Ilipita mkono kwa mkono, ikapigwa marufuku shuleni, kisha ikarudi shuleni humo humo kama kitabu cha kufundishia. Mwalimu wa dini akiishika huona fundisho jepesi: binti aliasi, akatenda dhambi, akafa. Makala haya yanapinga usomaji huo. Nadai kwamba hadithi hufundisha imani pale inapomfikisha msomaji mwenyewe mahakamani, na kwamba kuisoma Rosa Mistika kama onyo kwa wasichana ni kuwasomea mabinti mashitaka ya baba zao.

Zipo njia mbili za kale za kuoanisha hadithi na imani. Ya kwanza ni ya Mtakatifu Basili wa Kaisaria, aliyewashauri vijana wa karne ya 4 wasome maandishi ya wapagani kama nyuki aendavyo kwenye maua: achukue kinachofaa, kilichobaki akiache. Ushauri huo umeliponya Kanisa na woga wa vitabu, na sina haja ya kuudharau. Udhaifu wake ni kwamba msomaji anabaki salama. Yeye ndiye anayechagua, naye hachagui kinachomuumiza. Njia ya pili ni ya nabii Nathani katika 2 Samweli 12. Nathani hakumkemea Daudi kwa amri ya sita. Alimtungia kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Daudi alipandwa na hasira, akahukumu, na hapo ndipo nabii akamwonyesha kwamba mtu aliyehukumiwa ni yeye mfalme. Kisa kilichobuniwa kilifika mahali ambapo hubiri lisingefika, kwa sababu Daudi aliingia ndani yake bila kujikinga.

Tuisome riwaya kwa macho ya Nathani. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, akasoma Seminari ya Nyegezi, na jina la kitabu chake alilitoa katika Litania ya Bikira Maria. Hakuwa mgeni wa imani aliyokuwa akiihoji. Rosa wake analelewa na Zakaria, baba mlevi anayelinda ubikira wa bintiye kwa fimbo. Barua moja ya mvulana inatosha kumletea kipigo. Binti anakua akiwaogopa wanaume bila kuwajua. Anapofika shule ya bweni, na baadaye chuo cha ualimu Morogoro, hana silaha yoyote isipokuwa hofu, nayo hofu inaisha haraka. Wanaomharibu ni watu wazima wenye vyeo. Anajiua. Kisha mwandishi anafanya jambo ambalo usomaji wa onyo hauna mahali pa kuliweka: anawasimamisha baba na binti mbele ya Mungu, washitakiane. Kama fundisho lingekuwa mshahara wa dhambi peke yake, kitabu kingeishia kaburini.

Kwa nini basi Zakaria hupita bila kuguswa? Kwa bonde letu la Kilombero, sehemu ya jibu nadhani imo katika namna imani ilivyoingia. Wabenedikto walifungua misheni ya Kwiro, Mahenge, mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wakapuchini kutoka Uswisi wakaishika kazi hiyo, na kutokana na Mahenge likazaliwa Jimbo la Ifakara mwaka 2012. Dini na shule vilikuja pamoja, na vyote viwili vilitembea juu ya katekisimu iliyokaririwa, swali moja na jibu moja. Mtu aliyefunzwa hivyo akipewa riwaya atatafuta jibu moja, na jibu la karibu zaidi ni kosa la mtoto.

Bonde lina sababu yake pia ya kumtazama Zakaria kwa makini. Msimu wa mpunga, familia nyingi huhamia mashambani kwenye uwanda wa mafuriko, zikaishi katika madungu ili kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe pori. Watoto wa shule huweza kubaki nyuma, na msichana wa sekondari anayetoka mbali hupangishiwa chumba, ambacho wenyewe hukiita geto. Mzazi yuko ng'ambo ya maji. Aliyepo karibu ni mwenye nyumba, mwenye duka, mwenye bodaboda. Mimba ikiingia, hasira yote humshukia binti. Hadi Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua wataruhusiwa kurudi shuleni, mlango wa darasa nao ulikuwa umefungwa mbele yake. Aliyempa mimba mara ngapi aliulizwa jambo lolote kanisani?

Kuna desturi ya hapa hapa inayosaidia kulifikiri hili, ingawa mapadri wengi hawataipenda. Mwanaanthropolojia Maia Green, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu Wakatoliki wa Kipogoro, aliandika juu ya watu waliopelekwa kijiji cha Ihowanja kwa mganga aliyeitwa Bibi Kalembwana kunyolewa ili kuondolewa uchawi. Aliyeshitakiwa alinyolewa, na aliyeshitaki pia. Siitetei imani ya uchawi, iliyowatesa wazee wengi wasio na hatia. Nasema tu kwamba watu wa bonde hili walikwisha kujua kuwa mshitaki hatoki kwenye shauri kama alivyoingia. Injili ya Yohana sura ya 8 inasema hivyo hivyo kuhusu wanaume waliotaka kumpiga mawe mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi.

Kigezo hiki cha Nathani kinafaa kwingine pia. Takadini ya Ben Hanson, inayosomwa sana sekondari, inamhusu Sekai, mama anayekimbia na mtoto wake mwenye ualbino ili wazee wasimwue. Kumwita Sekai mfano wa Maria akielekea Misri ni rahisi na kunapendeza. Nchi hii, ambayo imewaua watu wenye ualbino, inahitaji zaidi kujitafuta miongoni mwa wazee wale. Kwa upande mwingine, sioni haja ya kumlazimisha Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, awe mhubiri. Hadithi isiyomgusa msomaji na ibaki burudani. Burudani si dhambi.

Nitaambiwa kwamba usomaji huu unamwondolea Rosa hatia. Haumwondolei. Rosa alichagua mengi, na Kezilahabi hakumficha. Lakini mbele ya Mungu wa riwaya ile wamesimama wawili, na mhubiri anayemtaja mmoja tu amekisoma nusu kitabu. Papa Fransisko, katika barua yake ya Julai 2024 kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi, aliwahimiza mapadri na waseminari, pamoja na Wakristo wote, wasome riwaya na mashairi. Wito huo usiishie seminarini. Walimu wa dini na makatekista wa Ifakara, Mlimba na Malinyi, isomeni Rosa Mistika na akina baba katika jumuiya ndogo ndogo, kabla ya mvua, kabla hawajaenda mashambani.