Jinsi ya kuwapatanisha paka mwenyeji na paka mgeni

MAFAHALI wawili hawakai zizi moja, walinena wahenga. Paka nao wana tabia iyo hiyo. Paka aliyekwisha kuimiliki nyumba humwona mtoto wa paka aletwaye ghafla kuwa mvamizi. Akilazimishwa kumpokea, aweza kumjeruhi, kukojoa ovyo au hata kuhama.

Kosa la wengi ni kuwakutanisha siku ya kwanza. Paka hutambuana zaidi kwa harufu. Mtenge mgeni katika chumba chake, awe na chakula, maji na sanduku la mchanga wa kujisaidia. Wakati huo daktari wa mifugo amchunguze, ampe dawa ya minyoo na kumchanja, asije akamwambukiza mwenyeji maradhi.

Baada ya siku chache, mpanguse mmoja kwa kitambaa, kisha ukiweke alalapo mwenzake. Walishe pande mbili za mlango uliofungwa, ili kila mmoja aihusishe harufu ya mwenzake na shibe. Wakitulia, waache waonane kwa dakika chache ukiwapo.

Mwenyeji akinguruma, usimchape. Anaweka mipaka tu. Wakishambuliana, watenganishe na urejelee hatua iliyotangulia. Kila mmoja awe na bakuli lake, na masanduku ya mchanga yazidi idadi ya paka kwa moja.

Huenda shughuli hii ikachukua wiki kadhaa, pengine miezi. Katika kipindi hicho, mtangulize mwenyeji: mlishe kwanza na umpapase kama kawaida, asije akadhani nafasi yake imetwaliwa.